Kiti cha Mashoto

Kiti kilikuwa na joto. Shangazi alipitisha kitambaa mara moja, akapitisha mara ya pili, kisha akaweka kiganja. Lilikuwa joto la makalio ya mtu aliyenyanyuka sasa hivi. Na mwenye kiti alikuwa na wiki ya tano kaburini.

Shangazi hakupiga kelele. Mwanamke aliyezika waume wawili, na mmoja wao hakustahili hata sanda aliyovishwa, hapigi kelele kwa ajili ya kiti. Alimaliza kufuta meza, akapanga vikombe vya chai, akajikumbusha kupanga viwili badala ya vitatu, akatoka.

Ofisi yenyewe ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo. Watu arobaini walilipwa humo kutengeneza gemu, mchana kutwa wametoa macho kwenye skrini kama kuku walioona nyoka. Kampuni ilianzishwa na ndugu watatu. Mkubwa aliitwa Mashoto, kwa kuwa kila kitu alikifanya kwa mkono wa kushoto, na ndiye alikuwa mkurugenzi mkuu. Wa pili ni dada yao, aliyeshughulika na mikataba na kugombanisha wanasheria. Wa mwisho ni Kitinda, fundi wa sauti, mwanamume mwenye ndevu ambaye dada yake bado alimkagua kucha. Shangazi alikuwa dada wa baba yao. Aliwalea walipobaki bila wazazi, na walipopata ofisi alihamia nayo, ufunguo wa jiko ukining'inia shingoni.

Mashoto alianguka kwenye ngazi akiwa na kikombe mkononi. Moyo. Kikombe hakikuvunjika. Siku ya nne baada ya mazishi bodi ilimkalisha dada kwenye ukurugenzi, naye akakaa. Hakulia nyumbani, hakulia makaburini. Mtu akimpa pole kwa ajili ya kaka yake alijibu, "Hayupo," kama vile kaka ametoka kwenda posta. Watu wakamsifu kwamba ni jasiri. Ujasiri gani? Mti mkavu nao hautoi maji ukikatwa.

Ndugu hao walikuwa na sharti lao. Hakuna gemu lililotoka mlangoni kabla wao watatu hawajalicheza mpaka mwisho, kwa mkao mmoja, alasiri ya Alhamisi, mapazia yamefungwa ili skrini ionekane vizuri. Kila mmoja alikuwa na kiti chake na pedi yake, kile kidude cha kushika kwa mikono miwili, chenye vitufe na taa ndogo. Taa ya dada ilikuwa nyekundu, ya Kitinda kijani, ya Mashoto njano.

Na gemu aliloliacha Mashoto lilikuwa hili: ndugu watatu wanavuka mto wenye mawe yanayogawa njia kulia na kushoto, wakiwa wamebeba kitanda, na mama yao mgonjwa amelala juu yake. Mmoja akisimama kitanda kinainama, mama analowa, mnaanza upya. Bila watatu halichezeki.

"Basi wekeni mtu mwingine," alisema Shangazi. "Hata mimi nitabonyeza. Vidole ninavyo."

"Hiyo ni nafasi ya kaka," alisema dada.

"Kaka yako amekufa, mwanangu."

"Hayupo. Tutawasha tu pedi yake tuiweke kitini, gemu likubali kuanza."

Ndivyo walivyofanya. Waliwasha taa ya njano, wakailaza pedi juu ya kiti kitupu, wakacheza. Mchuma janga hula na wa kwao.

Alhamisi ya kwanza yule ndugu wa tatu alisimama majini kama gogo, na mama akalowa mara thelathini. Asubuhi ya pili yake ndipo Shangazi alipokuta kiti kina joto.

Alhamisi iliyofuata ndugu wa tatu aliinama, akashika mguu wa kitanda, akanyanyua.

"Dada," alinong'ona Kitinda. "Umeona?"

"Hitilafu. Iandike, mafundi wairekebishe."

"Hitilafu haijui njia, Dada. Tazama. Anapita kushoto. Kila penye njia mbili anapita kushoto."

Penye njia mbili, kabla ya kuchagua, yule ndugu wa tatu alikuwa akigonga mguu wa kitanda mara mbili. Ko, ko. Kila aliyewahi kukaa kikaoni na Mashoto aliujua mgongo huo wa kidole mezani kabla ya uamuzi. Dada alitazama kitini. Pedi ililala palepale, hakuna aliyeigusa, na kitufe chake kimoja kilikuwa kimebonyea chini.

Aliendelea kucheza.

Kisha ikaja harufu. Mashoto alikuwa mtafunaji wa tangawizi, kwa hiyo Shangazi alipofungua mapazia Ijumaa na kunusa tangawizi, moyo wake ulilainika kidogo, akajitukana. Maana chini ya tangawizi palikuwa na harufu nyingine, ya manyoya ya kuku aliyechovywa maji ya moto tayari kunyonyolewa.

Dada alianza kuliuliza gemu mambo. Alianza na dogo. Mkuu wa wachoraji alikuwa amegombana na kila mtu, na mkurugenzi mpya hakujua amwondoe au ambakize. Walipofika penye njia mbili alisema kwa sauti kavu, macho kwenye skrini, "Kulia aondoke, kushoto abaki." Ko, ko. Kushoto. Mchoraji akabaki, na wiki haikuisha kabla hajaleta sura ya yule mama wa kitandani, nzuri hata wafanyakazi wakaacha viti vyao kuja kuitazama. Baada ya hapo dada aliuliza ya nani apande cheo, gemu litoke mwezi gani, bodi iambiwe nini na ifichwe nini. Kila jibu lilikuwa sahihi. Bodi ikasema dada amevaa viatu vya kaka yake na vimemtosha. Yeye aliwasikiliza kama mtu anayesikiliza mvua ya mtaa wa pili.

Lakini Kitinda alianza kupungua. Sauti yake ilikauka, halafu ikarudi nzito kuliko ilivyokuwa. Alirekodi maji ya mto kwa ajili ya gemu, na alipoyasikiliza kwenye hedifoni alikuta ndani ya maji kuna mtu anayevuta pumzi. Akafuta, akarekodi upya, na safari hii pumzi zilikwenda sambamba na zake. Alimweleza Shangazi akicheka. Kicheko ndicho kilichomtisha Shangazi.

Jumanne moja, mchana kweupe, Shangazi alimkuta Kitinda jikoni anakoroga chai kwa mkono wa kushoto.

"Tangu lini umekuwa wa mkono huo?"

"Mkono upi?" Kitinda alionja, akakunja uso. "Shangazi, leo umetupikia chai au maji ya kuoshea vyombo?"

Ulikuwa utani wa Mashoto, wa kila siku ya Mungu kwa miaka kumi na moja, na kwa sauti ya Mashoto, na kabla Shangazi hajajizuia mdomo wake ulikuwa umeanza kutabasamu. Ndipo harufu ya manyoya ilipompiga.

Alikwenda moja kwa moja chumba cha mkurugenzi, akafunga mlango, akasema kwa sauti ya chini, "Mdogo wako anakwisha."

"Najua," alisema dada.

"Unajua nini?"

"Kila Alhamisi kaka anabaki muda mrefu zaidi. Gemu likiisha, tukifika ng'ambo, nafikiri atabaki moja kwa moja."

"Atabaki ndani ya nani?"

Dada alipanga kalamu zake. Alizipanga kwa urefu.

"Watu arobaini, Shangazi. Mimi siwezi kuwaongoza. Kaka anaweza."

"Kwa hiyo umemtoa Kitinda kafara?"

"Sijamtoa. Sijamzuia tu kaka."

Shangazi alinyanyua mkono, kisha akaushusha. "Ningekuzaba kofi," alisema, "lakini nitamzaba nani? Natazama humo ndani sioni mtu."

Alhamisi Shangazi alileta mtabibu, mama mfupi aliyevaa viatu vya mpira, ambaye nusu ya mji ilimcheka na nusu nyingine ilikuwa na namba yake ya simu. Kitinda alikuwa ameshakaa, mgongo umenyooka kama wa Mashoto. Mtabibu hakutaka kiti. Alinusa mara moja.

"Nani aliwasha hiyo taa?"

"Mimi," alisema dada.

"Huyo siye kaka yako. Kaka yako amelala, hana shida na nyie. Hili ni jini lililokuwa likipita zake, likakuta kiti kitupu, kimewashiwa na taa. Kama si kulikaribisha ni nini hiyo? Jini haliingii palipokaliwa. Linatafuta patupu." Alimgeukia Shangazi, akamnyooshea dada kidole. "Huyu ndiye aliyeishikilia nafasi, kwa hiyo huyu ndiye wa kuiachia. Aseme kwa kinywa chake mwenye nafasi amefanya nini. Azime taa. Kisha alie."

"Kulia kuna kazi gani?" aliuliza dada.

"Kikitoka kitu lazima kiingie kitu, mama. Afanye hivyo kabla hawajafika ng'ambo. Wakishafika, mniitie mchimba kaburi, mimi nimemaliza."

Wakati wanaongea gemu lilikuwa limeshaanza lenyewe. Pedi ya dada ilikuwa mapajani mwake na vidole vyake vilikuwa vikibonyeza bila yeye kuviamuru, na kwenye skrini wale ndugu watatu walikuwa katikati ya mto na kitanda begani, na maji yaliyosikika kwenye spika hayakuwa tena maji aliyorekodi Kitinda bali maji mazito yanayovuta pumzi, na Kitinda alikuwa akivuta pumzi nayo, mdomo wazi, macho yameganda, mkono wa kulia umemwangukia pajani kama wa mtu aliyepooza huku wa kushoto ukicheza peke yake, ko, ko, ko, ko, na harufu ya manyoya ikajaa chumbani mpaka Shangazi akaziba pua kwa kanga, na ng'ambo ikaonekana, majani, mchanga, hatua kumi, hatua nane, na mama wa kitandani, ambaye mchoraji hakumchorea kufumbua macho hata mara moja, akafumbua macho akamtazama dada.

"Sema!" Shangazi alinong'ona, maana sauti ya kupiga kelele ilikuwa imemkimbia. "Sema, mwanangu, anakwenda, yule anakwenda!"

"Kaka hayu—"

"Sema lenyewe!"

Kitinda aligeuza shingo polepole. "Mdogo wangu," alisema kwa sauti ya Mashoto, kwa upole wote wa Mashoto, "utawaongoza vipi hawa watu bila mimi?"

Hatua nne. Dada alimtazama, akatazama kucha za mkono ule wa kulia ulioanguka, kucha alizozikata mwenyewe Jumapili, na bila kupandisha sauti, kama anayesoma ajenda, alisema, "Kaka amekufa. Alikufa kwenye ngazi. Nafasi yake simpi mtu." Akanyoosha mkono kitini, akazima taa ya njano.

Skrini ikawa nyeusi. Kitu kizito kilinyanyuka kitini, na mapazia yalitikisika. Kitinda alianguka sakafuni akalia, akalia kwa sauti yake mwenyewe, mbovu, ya kukoroma, na Shangazi akaketi chini naye akakipakata kile kichwa chenye ndevu.

Mtabibu hakuwatazama hao. Alikuwa anamtazama dada.

"Sasa lia."

"Baadaye. Nina kikao saa kumi na nusu."

"Lia, mama. Hata kidogo. Hata ya uongo."

"Nimesema baadaye," alisema dada, akachukua faili lake, akatoka.

Shangazi aliweka kiganja kwenye kiti cha Mashoto. Kilikuwa baridi. Akamshukuru Mungu, na mtabibu akavaa mtandio wake, na chai hakuigusa.

Jumatatu mkurugenzi mkuu aliwaita wafanyakazi wote arobaini. Aliongea vizuri kuliko siku zote. Shangazi aliingia na sinia, vikombe viwili, akamkuta Kitinda amekaa pembeni, macho mekundu, kalamu mkono wa kulia. Akapumua. Alimwekea dada kikombe mbele yake.

Dada alikuwa anaulizwa gemu litoke lini. Akakunja kidole, akagonga meza kwa mgongo wake. Ko, ko.

"Mwezi ujao," alisema, na mkono wa kushoto ukainua kikombe. Alionja, akakunja uso, akamwangalia Shangazi kwa upendo mkubwa.

"Shangazi, leo umetupikia chai au maji ya kuoshea vyombo?"

Chumba kizima kilicheka. Wengine walifuta machozi. Walidhani anamuenzi kaka yake. Harufu ya tangawizi ilipita juu ya vichwa vyao, na nyingine chini yake.

Kitinda alikuwa amesimama. "Dada," aliita kwa sauti ndogo. Mkurugenzi hakugeuka. "Dada?"

Shangazi alimshika mkono wa kulia, akaubana.

"Hayupo," alimwambia.