Mwenye Nyumba Aonje Kwanza

Betri ndizo zilizomtoa Anyosisye nyumbani jioni ile. Redio ya mumewe ilikuwa imekoroma tangu asubuhi kama mzee mwenye pumu, halafu ikanyamaza kabisa, na taarifa ya habari ya usiku ule haikuwa ya kukosa. Majina yangesomwa.

Ulikuwa mwaka wa sabini, nchi nzima ikijiandaa kwa uchaguzi. Mkutano wa wilaya ulikuwa umeshapiga kura zake, majina yakapelekwa Dar es Salaam, na kule wakubwa wa Chama wangechagua wawili tu wa kugombea ubunge wa Rungwe. Mmoja angepewa alama ya Jembe, mwingine Nyumba. Katika majina yaliyopelekwa, moja lilikuwa la mwalimu Ackson, mume wa Anyosisye. Tukuyu nzima haikuwa na mazungumzo mengine. Sokoni, kanisani, hata kwenye foleni ya unga, watu walibishana litarudi jina la nani, na kila mmoja alijua kuliko mwenzake.

Anyosisye hakubishana na mtu. Kwake lilikuwa jambo moja tu: mtoto.

Atupele alikuwa na miaka mitatu, na alikuwa akitetemeka. Si homa ya kuchemka, la. Alikuwa baridi. Ungemfunika mablanketi mawili na koti la baba yake, ungemweka karibu na jiko, na bado meno yake yangegongana. Mganga wa zahanati alimpa dawa ya malaria, akampa na ya kifua, halafu akaanza kukwepa macho ya mama.

Ni jirani yao, Bibi Ambindwile, aliyesema wazi. Alikuja, akamshika mtoto unyayo, akaupeleka mkono wake shavuni.

"Hii si malaria, mwe," alisema. "Hii ni pumzi ya watu."

Ackson alicheka kwa uchungu. Alikuwa mtu wa vitabu, lakini alizaliwa pale pale, alijua maana yake. Mtu akila peke yake, majirani hunung'unika. Hawamrogi, hawaendi kwa mganga yeyote. Wananung'unika tu, kila mmoja kwake, jioni, mdomo ukielekea nyumba ile. Na pumzi zile zikikutana, huwa baridi. Dawa yake haina ufundi: mwenye nyumba achinje, aite watu, wale washibe, waseme yaliyo moyoni. Zizini kwa Ackson kulikuwa na dume jeusi, limenona hadi linapumua kwa shida. Na anayetaka kupanda juu ya wenzake, desturi inataka awalishe kwanza.

"Chinja, mwalimu," Bibi Ambindwile alimwambia.

"Siwezi, bibi. Kanuni tumesomewa. Mgombea akimlisha mtu sahani ya chakula, hiyo ni rushwa, jina linakatwa. Wasome kwanza. Wakishasoma, nitachinja hata kama nimeshindwa."

"Na mtoto naye anasubiri redio?"

Ackson alimvutia mtoto blanketi hadi shingoni. Na ubaya ni kwamba alimpenda yule mtoto kuliko macho yake. Alifikiri tu kwamba muda upo. Wengi wetu huponzwa na hilo.

Basi Anyosisye aliingia mtaa wa Bagamoyo, hapo hapo Tukuyu, kwenye duka la Fikirini, mshona kanzu ambaye pia aliuza betri, viberiti na mafuta ya taa. Fikirini alikuwa na kazi ya tatu, isiyoandikwa mlangoni. Alipiga ramli. Watu walisema ramli yake haikosei.

Alipoletewa betri, Anyosisye hakuondoka. Alitazama nyuma, akaona duka liko tupu.

"Kaka Fikirini," alinong'ona. "Nipigie. Jina la mume wangu linarudi?"

Fikirini aliendelea kufunga betri kwenye gazeti.

"Hilo silipigi tena, dada."

"Kaka, mwanangu anakufa. Kama jina halirudi, nikijua sasa hivi, nitamlazimisha achinje leo. Atakuwa hana cha kupoteza. Nipigie tu."

Yule bwana aliziweka betri mezani. Cherehani yake ilikuwa imesimama na sindano ndani ya kitambaa.

"Wamekuja wengi," alisema hatimaye. "Nikapiga. Nilitarajia kuona kiti. Mtu akipata cheo, ramli huonyesha kiti. Safari hii sioni kiti, dada. Kila nikipiga naona sahani."

"Sahani?"

"Sahani imejaa, na hakuna aliyeanza kula." Akamsukumia betri. "Nenda kwa mwanao. Usipite migombani."

Lakini njia nyingine ilikuwa ndefu, na jua lilikuwa limekwisha nyuma ya vilima. Ukungu ulikuwa unashuka. Angezunguka barabara ya Kiwira, taarifa ya habari ingempita. Akafunga kanga vizuri, akakata migombani.

Mwanzoni alisikia majani tu, yale makavu, yakisuguana.

Halafu yakanyamaza.

Baridi ikaja. Haikuwa baridi ya ukungu, hiyo aliizoea tangu tumboni mwa mama yake. Hii ilitoka chini, ikampanda miguuni, ikamfika magotini... Aliitambua. Ndiyo iliyokuwa kwenye nyayo za Atupele.

Kisha harufu. Nyama ya kuchoma.

Anyosisye alisimama. Harufu ilikuwa nzuri, nzuri mno, na yeye hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana. Akasogea. Na pale kwenye uwazi, katikati ya migomba, aliwaona watu wameketi duara, kimya, kila mmoja na jani la mgomba mapajani. Juu ya kila jani, pande la nyama.

Hakuna aliyekuwa akila.

Na hakukuwa na moto. Hilo alilikumbuka baadaye.

"Ugonile, mama Atupele," ilimsalimu sauti ya Bibi Ambindwile. Alikuwa ameketi karibu, shuka imemfunika kichwa. "Umechelewa, mwe. Tunakusubiri wewe."

"Ndaga, bibi. Nyama... mmepata wapi?"

"Kwa mwalimu. Ametoa."

Jamani, furaha! Kumbe Ackson amesikia! Kumbe alipobaki peke yake na mtoto moyo wake umemrudia, ameacha kanuni na Chama chake, amechinja! Anyosisye alilia waziwazi, akiwashukuru mmoja mmoja. Alimwona Lukasi, mchuma chai. Kando ya Lukasi alikuwepo mwanamume mwingine, sura anaijua, jina limemtoka.

"Ndaga fijo, asanteni sana," alirudia. "Mungu awabariki. Kuleni, jamani. Mbona hamli?"

"Tunakulaje?" alisema Bibi Ambindwile, kwa upole. "Nawe umezaliwa hapa. Chakula cha watu, mwenye nyumba aonje kwanza. Asipoonja, kitakuwa kimeibwa. Akionja, kimetolewa."

Kweli tupu. Hata pombe, anayekukaribisha hunywa funda la kwanza mbele yako. Anyosisye amefanya hivyo mara ngapi? Hakuna mwanamke wa pale ambaye angekataa. Na alikuwa na haraka: wakila upesi, pumzi zao zingetulia upesi, mtoto angepata joto.

Akapokea jani kwa mikono miwili. Akamega, akala.

Ilikuwa laini. Haikuwa na mafuta mengi. Tamu, kama ya ndama asiyejua majani.

"Asante," wakasema wote, kwa pamoja, taratibu.

Ndipo wakaanza kula. Hakuna aliyezungumza. Kutafuna tu... kutafuna... na kuvunjika kwa mifupa midogo.

"Jina lake limerudi," alisema yule mwanamume wa kando ya Lukasi, mdomo umejaa. "Jembe."

Anyosisye alishapiga hatua za kuondoka. Alikuwa karibu kutoka migombani jina lilipomjia. Andrea. Kaka yake Lukasi. Yeye mwenyewe aliimba kwenye maziko yake, wakati wa masika.

Alikimbia.

Aliingia uani akihema, na kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa dume jeusi. Limesimama zizini. Linacheua.

"Umezipata?" Ackson alikuwa mlangoni, mikono mbele. "Zilete, zilete, wanaanza!"

"Umechinja nini?" alimfokea. "Ackson, umechinja nini?"

"Nichinje nini? Mtoto ametulia. Ameacha kutetemeka sasa hivi tu, namshukuru Mungu. Nipe betri."

Alizinyakua. Anyosisye alimpita, akaingia chumbani, akapiga magoti kitandani. Kweli Atupele alikuwa ametulia. Meno hayakugongana. Mama akamkumbatia, akamnyanyua.

Mtoto alikuwa mwepesi.

Mwepesi kupita kiasi. Mwepesi kama kapu lililokwisha kumwagwa. Alimpapasa mgongo, akampapasa kifua, ngozi nzima, hakuna jeraha, hakuna damu. Macho yake yalikuwa wazi, yakimtazama. Akapumua mara moja, pumzi ndogo, baridi, ikamgusa mama shingoni. Hakupumua tena.

Huko nje redio ilikohoa, ikapata sauti. Msomaji alisoma taratibu, jimbo kwa jimbo. Kisha Ackson akapiga kelele ambayo iliwafanya mbwa wa kijiji kizima wabweke.

"Jembe! Mama Atupele! Wamenipa Jembe!"

Mganga wa zahanati alisema ni kichomi, na huenda alisema kweli. Watoto wengi walikwenda na kichomi mwaka ule. Bibi Ambindwile aliapa kwa jina la Kyala, Mungu mwenyewe, kwamba jioni ile alikuwa Kiwira kwenye mkutano, na Lukasi pia, na karibu majirani wote, na lori liliwarudisha redio ikiwa imeshanyamaza. Watu wa Kiwira waliwaona. Tena kilio cha bibi huyo pale msibani hakikuwa cha kuigiza. Alilia hadi akashikwa. Kama mtu anaweza kuwa mahali pawili, na sehemu yake moja isijue ya pili imefanya nini, hilo mimi siwezi kuliamua.

Ackson alishinda uchaguzi. Watu walimpigia kura kwa wingi ajabu, hata waliokuwa wakimnung'unikia. Walisema sasa ni mtu wao. Usiku mmoja, kabla hajaondoka kwenda bungeni, mkewe alimweleza yote. Alimsikiliza hadi mwisho, akasema ni huzuni. Lakini hakumgusa tena. Alikwenda Dar es Salaam akakaa huko, na Anyosisye akabaki na nyumba.

Mwaka wa sabini na tano majina yalipelekwa tena.

Umbea hauna mlango; wakati ule ilishajulikana kwamba mke wa mwalimu alijua Jembe kabla ya redio. Wakaja wanawake wa wagombea, mmoja mmoja, na mayai, na kuku, na maneno matamu. Dada, tuambie, linarudi la nani? Anyosisye aliwapa maji ya kunywa, akawaambia hajui. Alikuwa anasema kweli. Aliwatazama, hakuona kitu, hakusikia kitu, akawasindikiza.

Alasiri moja akaja Sekela, mke wa Fred wa ushirika. Alikuwa binti mdogo, mcheshi, na mgongoni amebeba mtoto wa mwaka mmoja.

"Shikamoo dada. Sikuja kukuchosha. Mume wangu hapati usingizi. Kama unajua, nidokeze tu."

Anyosisye alikuwa anafungua mdomo kusema hajui.

Harufu ikamfika.

Ilitoka kwa Sekela, mgongoni. Nyama ya kuchoma, laini, isiyo na mafuta. Na chini ya kanga ya kumbebea alisikia meno madogo yakigongana, yakigongana.

"Mtoto anaumwa?"

"Baridi tu, dada. Tangu juzi. Hali ya hewa hii."

"Mna ng'ombe?"

"Tunaye mmoja."

"Mchinjeni." Alimshika mkono kwa nguvu hadi binti akashtuka. "Leo, Sekela. Kabla jua halijazama. Waiteni majirani wote wale. Na chochote utakachopewa njiani, usionje. Unanisikia? Usionje!"

Sekela alimkodolea macho. Kisha uso wake ukachanua wote.

"Kuchinja! Kwa hiyo ni sherehe! Dada, limerudi?"

"Sijasema limerudi! Nimesema mchinje!"

"Tutachinja, dada, tutachinja! Wakishasoma tu. Sasa hivi wangemkatia jina, kanuni unazijua wewe kuliko mimi." Alimbusu mkono, akacheka, akatoka mbio mbio, mtoto akirukaruka mgongoni, akielekea njia ya migombani kwa sababu ndiyo fupi.

Anyosisye alimfuata hadi uani. Alikimbia kweli, bila viatu, hadi mwisho wa ua, akashika mti wa uzio, akafungua mdomo amwite kwa sauti yake yote.

Ile harufu ikamrudia, na mate yakamjaa. Akameza, yakajaa tena. Na alipopata nafasi ya kusema, Sekela alikuwa ameshaingia kwenye ukungu.