Feni Isiyozunguka

Jioni ile nilitoka nyumbani nikiwa nimekumbatia kisanduku kifuani, nikamwambia mama nampelekea mteja kompyuta yake na nitarudi kabla chakula hakijapoa. Mama hakuuliza mteja ni nani. Tangu mdogo wangu afariki, mama haulizi sana. Wala sikumdanganya, kompyuta kweli nilikuwa napeleka. Ila mteja mwenyewe ndiye aliyemuua huyo mdogo wangu, na hilo niliona si jambo la kusemea mlangoni.

Mimi ni fundi wa kompyuta. Naunda zile ndogo za kuchezea gemu, za kesi, lile kasha la nje, isiyozidi boksi la viatu. Watu hudhani kitu kidogo ni kazi ndogo. Waje wajaribu. Kwenye kesi kubwa unapanga vitu, kwenye kesi ndogo unavibembeleza. Ukikosea kukunja waya mmoja, kifuniko hakifungi, na unaanza upya huku unajitukana mwenyewe. Kinachosumbua kuliko vyote ni pawa saplai, kile kibweta cha chuma kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani. Ikiwa ndogo, feni yake nayo huwa ndogo, na feni ndogo hupiga kelele ili ifanye kazi ya feni kubwa. Ukiitaka ndogo halafu kimya, utaitafuta mpaka uchoke.

Bosi, ndiye mteja wangu wa jioni ile, aliitaka ndogo na kimya.

Aliniandikia kwenye simu bila kujua anamwandikia nani. Alisema karakana yake ameifunga, siku hazisogei, anacheza gemu za mpira na za magari ili kuche. Alitaka kompyuta ya kukaa rafuni karibu na kiti chake. Isingurume, isivume, isipumue. Hilo neno la kupumua ni lake, si langu.

Karakana hiyo ndiyo mdogo wangu alikofanya kazi miaka mitatu, akitengeneza pawa saplai zilizokufa. Alipofariki, Bosi hakuja mazikoni. Alituma mtu na mfuko wa vitu vya marehemu pamoja na maneno: kijana alikuwa na haraka, akasahau kuchomoa waya ukutani, ni uzembe wake. Mama aliyameza maneno yale yakamkaa tumboni. Mpaka leo akimtaja mwanawe humalizia kwa kusema, "Haraka haraka haina baraka, nilimwambia." Kila akisema hivyo nahisi kama nimechomwa kisu.

Kwa sababu mdogo wangu hakuwa mtu wa haraka. Alipofungua pawa saplai, mkono wa kushoto aliutia mfukoni na ukakaa humo, ili hata umeme ukimpiga usipite kifuani. Simu aliizima. Alichomoa waya, akatoa chaji iliyobaki kwenye kapasita, vile vikopo vinavyotunza umeme, akapima kwa mita, akapima tena. Hapo tu ndipo mkono wa pili ulipotoka mfukoni. Nilikuwa namtania kwamba anafanya kazi kama mtu anayeogopa kuibiwa mkono. Sasa, mochwari nilimwona mwenyewe. Viganja vyote viwili vilikuwa vimeungua.

Vyote viwili. Maana yake alipoingiza mikono, kile kitu hakikuwa na umeme hata kidogo. Umeme ulikuja mikono ikiwa ndani, na umeme hautembei wenyewe. Kuna mtu alichomeka.

Nilitaka Bosi aseme hivyo kwa kinywa chake, mama asikie. Hicho tu. Sikutaka polisi, sikutaka fidia, nilitaka lile neno uzembe lirudi kwa mwenyewe. Nilimchukia yule mtu hata chakula kikawa hakina ladha. Basi nikakubali kazi yake kwa maneno matamu, nikamtafutia pawa saplai nzuri kuliko zote, ile ambayo feni yake haizunguki kabisa mpaka kompyuta ilemewe na kazi. Ukiiwasha tu ikatulia, feni imesimama, unaweza kusikia saa ya ukutani.

Na chini ya mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, mahali ambapo jicho la mteja halifiki, nikaficha kispika kidogo cha betri. Ndani yake niliweka sauti ya mdogo wangu kutoka kwenye ujumbe wa zamani: "Nakuja, nisubiri." Kitufe kilikuwa kwenye simu yangu. Ndivyo nilivyopanga. Kimya kwanza, kisha sauti, kisha hofu, kisha ungamo, na simu inarekodi yote. Wengine huenda kwa waganga. Uchawi wangu mimi ulikuwa wa betri.

Bosi alifungua mlango kabla sijabisha mara ya pili. Alikuwa amekonda mpaka kola ya shati imemwachia shingo. Nikamwamkia, akaitikia kwa kunong'ona, akanionyesha njia kwa kidole. Kulikuwa na giza la magharibi ndani, na joto zito. Feni ya dari ilikuwa imefungwa kwa kamba, pangaboi zima limekazwa kwenye nondo ya dirisha. Friji ilikuwa wazi, imechomolewa, ndani yake amepanga viatu.

"Usiseme kwa nguvu," akaninong'oneza. "Zinaongea."

Nikamuuliza nini kinaongea. Akasema feni. Kila chenye feni ndani yake, hata ile ya kukaushia nywele ya marehemu mkewe. Ikizunguka tu, kuna mtu anamuuliza swali, swali lile lile.

Nilifurahi. Sitakuficha, nilifurahi mpaka nikaona aibu, kisha aibu ikapita. Nilidhani nimekuja kumtia hofu, kumbe wenzangu wameshanitangulia.

Nikaiweka kompyuta rafuni, nikaunga waya za televisheni, nikachomeka ukutani. Nikaiwasha. Taa ndogo ikawaka, skrini ikafunguka, na… kimya. Bosi akasogeza sikio karibu na wavu wa kesi. Akakaa hivyo muda. Nikaona machozi yanamtoka.

"Asante, mwanangu," akasema. "Nilikuwa sijapata kimya tangu mwaka juzi."

Nikaingiza mkono mfukoni, nikaanza kurekodi, kisha nikabonyeza kile kitufe.

Hakuna kitu.

Nikabonyeza tena. Hakuna. Betri, nikajilaani kimoyomoyo. Fundi mzima, kazi ya wiki mbili, nimeangushwa na betri ya ukubwa wa shilingi. Nikawa natafuta sababu ya kuifungua kesi pale pale.

Lakini Bosi alikuwa ameinua kichwa.

"Naam," akasema.

Hakuwa akiniambia mimi. Alikuwa anaitazama kompyuta. Nikainama nikaangalia ndani ya wavu kwa mwanga wa skrini. Feni ya pawa saplai ilikuwa imesimama. Panga zake zote niliziona, moja moja, hazitikisiki. Nikatega sikio. Nilisikia pumzi zangu na saa ya ukutani.

Kisha ikaja harufu. Risasi ya kulehemia inapoyeyuka ina harufu yake, tamu kidogo, ya kukereketa koo. Mdogo wangu alirudi nyumbani na harufu ile kila siku kwa miaka mitatu. Nyuma yake ikafuata nyingine, na hiyo sitaieleza.

"Nasikia vizuri sasa," Bosi akanong'ona. "Nasikia kila neno."

Nilichomoa waya ukutani. Niliuchomoa kwa nguvu mpaka plagi ikanigonga gotini. Skrini ikazimika, taa ikazimika, chumba kikawa giza tupu. Na hapo, waya ukiwa mkononi mwangu, feni ikaanza kuzunguka.

Taratibu. Tik… tik… tik… kisha mfululizo.

Mimi ni fundi. Najua kuna chaji hubaki kwenye kapasita, na inaweza kuzungusha feni ndogo sekunde mbili, tatu. Nikahesabu. Tatu. Kumi. Hamsini. Nilipofika mia niliacha kuhesabu.

"Ni mimi," Bosi akasema gizani. "Ndiyo. Ni mimi niliyechomeka."

Nikakaa chini.

"Ulikuwa umenipa mgongo. Nilidhani umeshafunga kifuniko. Sikuuliza." Akatega sikio, kama mtu anayesikiliza swali mpaka mwisho. "Hapana, hukuwa mzembe. Nilisema hivyo kwa sababu niliogopa. Hukuwa mzembe hata siku moja."

Nilikuwa nalia bila sauti. Ndiyo hayo. Ndiyo maneno niliyoyataka kwa mwaka na nusu, yako kwenye simu, mama atayasikia. Nikaanza kupapasa begi langu niondoke.

"Kwa nini?" Bosi akarudia, kana kwamba ameulizwa. "Kwa sababu ya yule mwanamke."

Mkono wangu ukasimama.

"Yule fundi wa kike aliyeileta ile pawa saplai. Alipiga simu ya karakana mara saba asubuhi ile. Mara saba. Anaitaka leo, anaitaka sasa hivi, mteja wake anamngoja. Nikachoka naye. Nikasema nichomeke tuipime, aje aichukue, anyamaze."

Sikukwambia hili mwanzoni kwa sababu sijawahi kumwambia mtu yeyote.

Ile pawa saplai ilikuwa yangu. Mdogo wangu alinisihi nisijitambulishe kwa Bosi, asije akaonekana anapendelea ndugu, kwa hiyo kule nilikuwa mteja tu, sauti kwenye simu. Na simu yake yeye ilikuwa imezimwa, kama ilivyokuwa kila mara mikono yake ikiwa ndani. Ndipo nikaigeukia ya karakana. Kupiga nilijua nimepiga. Mara ngapi, sikuwahi kujihesabia. Wiki ile ile ya msiba nilibadili namba, nikabadili na jina la biashara, nikajiambia ni kwa ajili ya wateja wasumbufu.

Feni ilikuwa bado inazunguka. Bosi akageuka upande wangu. Sikumwona, lakini nilijua amegeuka kwa sababu sauti ilinijia usoni.

"Anasema nikuulize…"

Sikungoja aniulize nini. Niliinuka, nikajigonga kwenye mlango wa friji, viatu vikamwagika, nikatoka nje na kukimbia mpaka kwenye taa za barabarani.

Kispika nilikikuta nyumbani, juu ya meza yangu ya kazi, karibu na bisibisi. Naapa nilikifunga chini ya mazabodi kwa skrubu mbili. Skrubu nazo zilikuwepo mezani, zimewekwa pembeni kwa utaratibu, moja kando ya nyingine, kama zinavyowekwa na mtu asiye na haraka.

Asubuhi Bosi aliniandikia ujumbe mfupi. "Iko kimya kweli. Tunaongea vizuri." Sikumjibu. Nilitaka kumwonea huruma, nikaona siwezi, na mpaka sasa siwezi.

Nilikuwa na kazi nyingine. Rekodi ilikuwa safi, dakika nne na kitu, na ndani yake mtoto wa mama yangu amesafishwa jina lake. Lakini ndani yake pia nilikuwemo mimi. Nikaketi na kompyuta yangu, nikatafuta pale Bosi aliposema "kwa sababu ya yule mwanamke," nikakata mpaka pale nilipokimbia. Sekunde ishirini na mbili. Nikaziba pengo kwa pumzi zake, nikaunganisha vizuri, nikasikiliza mara nyingi nisione mshono. Kazi hiyo naiweza. Nilijiambia mama ameumia vya kutosha, ana mtoto mmoja tu aliyebaki, haina haja ampoteze na huyo.

Baada ya chakula cha mchana nilimkalisha mama kitandani kwake, nikamwambia kuna mtu anataka kumwambia jambo. Nikaweka simu kwenye mapaja yake, nikabonyeza.

Mama alisikiliza. Bosi aliposema hukuwa mzembe hata siku moja, mama aliziba mdomo kwa khanga na mabega yakaanza kutikisika. "Mwanangu," akawa anasema. "Mwanangu, nisamehe, nilimwamini mtu baki." Nikamkumbatia. Kwa muda ule mfupi nilikuwa nimeshinda, na mzigo wote ulikuwa umenitoka mgongoni.

Kisha rekodi ikafika pale nilipokata.

Mama akainua kidole. Ninyamaze. Akaichukua simu, akaibandika sikioni kwa mikono miwili. Uso wake ukalainika, ukafanana na ule aliokuwa nao zamani mwanawe alipopiga simu kutoka safarini.

"Naam, baba," akasema.

Nikasogeza sikio langu karibu na lake. Nilisikia pumzi za Bosi tu, zile nilizozibandika mwenyewe. Nikamuuliza mama anasikia nini. Akanizuia kwa mkono. Akatikisa kichwa, akaitikia, akatikisa tena.

Rekodi ikaisha. Skrini ya simu ikazimika.

Mama akaendelea kusikiliza.

Nilitamani aniite na mimi. Hata kwa hasira, hata neno moja tu. Nilimwambia kimoyomoyo, mdogo wangu, niko hapa, sema na mimi. Chumba kilikuwa kimya na harufu ile ya risasi ilikuwa imejaa mpaka kwenye shuka.

Mama akashusha simu taratibu, akaiweka kando. Akanitazama bila ukali wowote.

"Mwanangu," akaninong'oneza, "ulipiga mara saba?"