Mchukue Wewe

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, alikuwa fundi cherehani wa nyumbani, na haya alinisimulia mwenyewe huku akipiga pindo za sketi za shule, kwa hiyo sisimulii ya kuokota mitaani. Yalianza siku ya kawaida kabisa, nguo zimeanikwa, mtoto wake wa mwaka na nusu yuko mkekani anavua soksi moja na kuiacha ya pili kama kawaida yake, na yeye kashika simu.

Kila mtu ana ulevi wake. Wake ulikuwa hadithi za kupokezana. Mtandaoni kuna makundi ya watu wasiojuana, wawili wawili wanaandika hadithi moja: wewe unaandika mhusika wako, unatuma, unasubiri, mwenzako anaandika wa kwake. Kuandika si kazi, kazi ni kumpata mwenza. Huyu anajibu mstari mmoja kama anaagiza sabuni dukani. Yule kila ukurasa anataka mapenzi. Mwingine anatoweka katikati ya vita, shujaa wako anabaki na upanga juu mwezi mzima. Basi wifi akaweka tangazo: anatafuta mtu mzima, mvumilivu, anayejibu kwa aya kamili, na asiyegusa mhusika wa mwenzake. Hiyo ya mwisho, alisema, ndiyo sheria ya sheria.

Hazikupita dakika mbili, akajibiwa na mtu aliyejiita Mtulivu.

"Ni mimi unayenitafuta."

Wakawa chanda na pete. Hadithi yao ilimhusu mama mwenye nyumba ya wageni mlimani, na msafiri aliyekuja kuomba chumba. Wifi alimwandika mama, Mtulivu akamwandika msafiri. Wiki ya tatu, kwa utamu tu, wifi akamwongezea yule mama mtoto, akamchora kama wake vilevile, kovu la goti na soksi moja.

Jumatano saa tano asubuhi mteja yuko mlangoni anadai sketi, mtoto kamwaga vifungo vyote sakafuni, simu ikalia. Mtulivu anauliza: "Huyu mtoto ataandikwa na nani kati yetu?"

Akajibu kwa kidole kimoja, na kicheko juu yake: "Mchukue wewe, mimi kanichosha!"

"Asante. Nimempokea."

Alipogeuka, mtoto alikuwa ametulia. Kifungo chekundu kilikuwa kati ya vidole vyake, na mkono ulikuwa umeishia njiani, haujafika mdomoni.

Wifi akashukuru Mungu. Akamaliza sketi mbili nzima. Ndipo akaona mkono bado uko palepale.

Akamkimbiza zahanati. Nesi alimpima joto, akamsikiliza kifua, akammulika macho. "Mama, mtoto mzima huyu. Wenzio wanaomba watoto wasiosumbua, wewe umepewa unashtaki?"

Wakarudi. Akamweka mkekani kama mtu anavyoweka mto. Kwa mazoea tu, bila kufikiri, akafungua simu. Ilikuwa zamu yake. Akaandika mistari miwili ya ovyo, mama wa mlimani anafunga dirisha. Jibu la Mtulivu likaja papo hapo:

Mtoto alisimama. Alitembea hadi mlangoni. Akaweka shavu kwenye ubao.

Mkekani, mtoto akasimama.

Akatembea. Akaweka shavu kwenye ubao wa mlango. Akabaki hapo.

Alinambia hakupiga kelele. Kuna kitu ndani kilizimika, kama taa ya chumba usichokitumia. Alielewa tu. Asipoandika, Mtulivu hajibu. Mtulivu asipojibu, mtoto hasogei. Basi akaandika. Akaandika Alhamisi yote na Ijumaa yote, macho mekundu, cherehani imefunikwa. Mama alimwekea mtoto maziwa. Anatuma. Anasubiri. Mtoto alikunywa kidogo. Nusu kikombe. Mama alimtandikia mtoto kitanda. Anatuma. Anasubiri.

Kaka akarudi kutoka kazini, akasimama anawatazama. "Simu na mtoto, ulizaa kipi?"

"Ngoja kwanza," akanong'ona. "Bado hajameza."

Mara moja tu alijaribu ujanja. Aliandika: Mtoto alimkimbilia mama yake.

"Mwenzangu," Mtulivu akajibu, "tulikubaliana. Hatugusiani wahusika." Kisha kimya. Saa sita nzima. Mtoto amesimama katikati ya chumba, maziwa mdomoni.

Jumamosi akamwuliza msimamizi wa kundi. Msimamizi akajibu na kicheko: "Dada, ukishamtoa umemtoa. Hurudi kwa kubadilishana tu, mhusika kwa mhusika. Kwani vipi? Si hadithi tu!"

Kaka alikuwa ameinama, anafunga kamba za viatu. Wifi alimtazama kisogo. Alimtazama kwa muda mrefu. Hilo pia alinambia, bila haya, kama anayetaja rangi ya uzi. Lakini mlimani hakuwa amemwandika baba. Alikuwa na mhusika mmoja tu.

"Nirudishie mtoto," akaandika. "Chukua mama."

"Asante. Nimempokea."

Mtoto akapaliwa, akakohoa, akatapika maziwa, akalia kilio cha kuamsha mtaa. Wifi alitaka kumkimbilia. Hakukimbia. Miguu ilingoja. Kisha ikaenda yenyewe, na mikono ikambeba vizuri kabisa.

Jumanne ndipo nilipomkuta anashona, akanipa yote haya bila kuinua kichwa.

"Sasa unajisikiaje, wifi?"

"Sijisikii vibaya." Mashine ikaenda, ikasimama. "Sijisikii."

"Huogopi?"

Akafikiri. "Nilikuwa najua kuogopa kulivyo."

Akakata uzi kwa meno, akanipa shati dogo la mtoto nilikunje. Ndani ya pindo, uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, kulikuwa na maandishi. Herufi ndogo kama punje. Mshono wake, ningeujua popote.

Jumatano saa tano, mama alimfunga mtoto mgongoni, akamfuata msafiri mlimani.

"Umeshona lini hii?"

"Sijui."

"Usiende," nikamnong'oneza. "Wifi, nakuomba, usiende."

"Si mimi wa kuambiwa."

Jumatano kaka hakwenda kazini. Alifunga mlango, akauwekea kiti, akakikalia, ufunguo mfukoni. Dirisha lina nondo. Saa tano aliinuka kuchukua maji. Mtungi uko hatua nne. Aliporudi kiti kiko palepale, mlango umefungwa, gurudumu la cherehani bado linazunguka.

Hakukuwa na mtu, si mama si mtoto.

Hilo kundi tumelitafuta, hatujalipata. Kwenye simu yake hakuna ujumbe wowote wa Mtulivu, wala wake.

Ni mwaka wa pili sasa. Shati lilibaki, liko kwetu. Mara mbili tumelifumua pindo kwa wembe, mara mbili uzi umerudi. Siku hizi hatuligusi, tunasoma tu, maana maandishi huongezeka, mstari kwa mstari, yameshazunguka kiuno na kuanza kupanda mgongoni. Mistari mingi ni ya njia tu, mawe, baridi, mama anatembea.

Juzi niliukuta mstari mpya.

Mtoto aliuliza: mama, bado ni mbali?

Alipoondoka alikuwa hajaanza kusema.