Maji Yakitoka, Chaza Hufanya Nini?

Kila asubuhi Hadassa huwasha mbabula, jiko lao la makaa, hupasha maji, huosha sahani, kisha huenda shule. Anakaa mtaa wa Panda na mama yake, Clotilde. Baba yake, Gaston, alikwenda Moanda, mbali sana kando ya bahari, kuunganisha vyuma vya mashua. Tangu mvua zianze huko, simu yake haipatikani.

Hadassa alimkumbuka sana baba yake mpaka akaacha kula. Kila jioni alisukuma kando bukari, ugali wa kwao, na kuikodolea macho simu ya mama.

"Kula, mutoto wangu."

"Nitakula wakati papa atapiga, mama."

Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu, ila Hadassa alitaka kuvumilia bila kula chochote.

Siku moja mwalimu wao, Madame Stéphanie, alimwita mbele aeleze maisha ya chaza, mnyama mdogo mwenye makombe mawili anayeshikamana na mawe ya pwani. Kabla ya mvua, baba alikuwa amemtumia ujumbe wa sauti kuhusu chaza kwenye simu ya mama, na darasa zima lilijua. Hadassa alieleza vizuri: maji yakijaa, chaza hufungua makombe na kula, yakipwa, hujifunga.

"Na akijifunga, anafanya nini?" mwalimu aliuliza.

Hadassa alianza kurudia yale ya mwanzo. Kabla hajamaliza, akaanguka kwa njaa.

Mama alikuja kumchukua, na mwalimu akamweleza swali lililomshinda. Nyumbani alimlaza, akamuuliza, "Ile message ya papa, unaisikiaka mupaka mwisho?"

"Hapana. Mwisho anaaga. Minye sipendi kusikia anaaga."

Mama akaufungua ujumbe, na safari hii Hadassa hakuukata.

"Wakati chaza anajifunga, haiko anakaa bule," sauti ya baba ilisema. "Njo pale tumbo yake inatumika, inasaga ile alikula. Na kuko musimu chakula inapunguka mu maji. Pale anasaga polepole, anajichunga mupaka musimu inabadirika. Bon, Hadassa, naenda ku kazi. Kula muzuri. Bakia muzuri."

Hadassa alilia sana. Mama naye alifuta macho.

"Minye pia namukumbuka," alisema. "Lakini kungoya muntu haiko kuacha kukula. Papa alikupatia mapendo mingi mbele ya kwenda. Tumika na ile, uchunge mwili, akifika akukute na nguvu."

Jioni ile simu haikulia. Hadassa aliitazama kwa muda, akavuta sahani, akamega bukari. Akaitazama tena, kisha akamega tonge jingine.