Tamasha Ikikwisha, Nitakuja

"Unasema uko wapi?"

"Arua, Sitti. Niko Arua. Samahani sana."

"Lukumani! Watu wamekaa kwa mkeka! Baba Mkubwa amevaa kanzu tangu asubuhi, Shangazi Zulaika ameshapakua pilau, na wewe uko Arua?"

"Ritah ameongeza mazoezi. Tamasha iko karibu. Fidla na adungu bado hawasikizani."

"Na mimi na wewe, tunasikizana?"

Sitti alibana simu sikioni atafute hizo fidla. Fidla haikusikika. Alichosikia ni kuku, tena kuku mwenye kelele, kama ametoka kutaga.

"Hiyo mazoezi yenu, na kuku iko ndani?"

"Ni... ni kuku ya jirani. Sitti, tamasha ikikwisha, nitakuja. Wallahi."

Akakata. Kwa kweli, kuna wanaume wanaoapa kama wanavyopiga chafya.

Sitti alikuwa muuza vitenge katika soko la Koboko, mwanamke wa maneno machache na hasira ndefu. Lukumani alikuwa mpiga adungu kutoka Aroi, nje kidogo ya Arua, na kama hujui adungu, ni kinubi cha kwao West Nile, Uganda, kinapigwa kwa vidole viwili-vitatu na kinamliza mtu mzima. Walipendana vizuri tu mpaka Ritah aliporudi kutoka Kampala na fidla zake, akaanzisha msimu wa muziki mjini Arua. Kila mwezi ukumbi ulijaa: leo fidla nne na adungu, mwezi ujao selo na pembe za agwara, mwezi mwingine kwaya ya kanisa na vijana wa rap. Watu wa Arua walitembea vifua mbele, jiji lao limepata okestra. Sitti alipata jibu moja tu kila alipouliza lini Lukumani atapeleka watu wake Koboko wajitambulishe: "Tamasha ikikwisha."

Sasa ilibidi atoke uani, awaambie wazee.

"Haji," alisema, macho chini.

"Tena?" Baba Mkubwa Nasuru, askari mstaafu aliyemlea tangu baba yake afe, alivua kofia akaiweka gotini. "Hii ni mara ya tatu tunapika."

"Huyo ana mwanamke ingine," Shangazi Zulaika alisema. "Tamasha gani haikwishi? Hata vita inakwisha."

"Shangazi, wacha."

"Niache nini? Sokoni wanakuuliza kama bwana wa adungu amefika, na wewe unajifanya unakunja vitenge!"

Hilo lilimchoma Sitti, maana lilikuwa kweli. Machozi yalimtoka kwa hasira, si kwa huzuni. Mwaka mzima anamtetea mtu, na mtu mwenyewe hajitetei.

Nasuru akauliza, "Hiyo tamasha, mutu yoyote anaingia?"

"Anaingia, Baba Mkubwa. Iko bure."

"Basi twende tuone hiyo kitu inatushinda sisi."

Shangazi aliruka. "Watu ya msichana wafuate kijana? Ni aibu!"

"Nani anafuata kijana? Mimi naenda kusikia muziki."

Jioni ujumbe uliingia: "Mpenzi wangu, tamasha ya mwisho ni Jumamosi. Ikikwisha nitakuja. Usichoke na mimi."

Sitti alijibu, "Sawa." Ilikuwa ile sawa ya mwanamke aliyechoka. Mwanamume mwenye akili huiogopa kuliko matusi. Lukumani alituma kopa.

Jumamosi mchana ukumbi wa Arua ulikuwa umejaa hadi madirishani. Watu wa Koboko walikaa katikati, Nasuru na kanzu yake, Shangazi na mkoba wake, Sitti kati yao kama mshtakiwa. Ritah alipanda jukwaani, gauni jeusi, fimbo ya kuongozea mkononi.

"Karibuni. Muziki wa leo una sehemu tatu. Tafadhali, kati ya sehemu na sehemu tunyamaze. Hakuna makofi, hakuna vigelegele."

"Hii ni muziki ama mahakama?" Nasuru alinong'ona, na mnong'ono wake ulifika mlangoni.

Lukumani akatoka na suti ya bluu, adungu mapajani. Ee Mungu, moyo hauna adabu! Sitti alikuja akiwa amekasirika kabisa, lakini vidole vile vilipogusa nyuzi, fidla zikaitikia kwa chini, alijikuta ameshika mkono wa Shangazi.

"Usilegee," Shangazi alimwonya.

"Silegei."

"Unalegea, nakuona."

Sehemu ya pili ilikuwa ya taratibu. Fidla zilishuka moja moja, ikabaki adungu peke yake, kisha nayo ikanyamaza. Ukumbi kimya. Ritah alisimama mikono juu, akisubiri kuanza sehemu ya tatu.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Maana kwa watu wa Koboko, iwe harusi au matanga, adungu ikinyamaza katikati ya shughuli, mpigaji anawapa wazee nafasi ya kusema. Ukiacha kimya kile kipite bure, umemdharau. Nasuru hakuwa mtu wa kumdharau mpigaji. Akainuka, akajikohoza.

"Asante kwa muziki. Mimi naitwa Nasuru, natoka Koboko."

"Mzee, bado!" Ritah aligeuka, macho yamemtoka. "Iko sehemu ya tatu!"

"Najua, mama. Pumzisha mikono kidogo. Kijana amenyamaza, ametupa nafasi."

"Baba Mkubwa, kaa chini!" Sitti alimvuta kanzu. Ilikuwa kama kuvuta ukuta.

"Sisi ni watu ya huyu msichana, Sitti," Nasuru aliendelea. "Kijana wa adungu alisema anakuja, tukapika. Akasema tena, tukapika tena. Mara ya tatu tumekula wenyewe. Hatukuja kugombana. Tunauliza tu: watu yake iko hapa?"

Sitti alijifunika uso kwa mtandio.

Kwenye viti vya mbele mzee mmoja mrefu akasimama polepole.

"Mimi ni baba yake. Afedra, wa Aroi. Karibuni sana, watu ya Koboko." Akasita. "Lakini samahani. Sitti ni nani?"

Sitti alisikia maneno yale vizuri kabisa, na bado akatamani ayasikie upya ili yawe mengine. Aliutoa mtandio usoni, akasimama.

"Mimi ni Sitti, mzee. Mwaka mzima mtoto wako ananiambia unanisalimia."

"Mimi?"

"Kila wiki. Salamu ya mzee, salamu ya mzee. Naitikia."

Mzee Afedra alimtazama mwanawe. "Mimi namuuliza kila mara, kijana, hauna mutu? Anasema, baba, tamasha ikikwisha."

"Kumbe na wewe!" Nasuru alisema. Watu wa nyuma wakacheka. Sitti hakucheka.

"Lukumani," aliita. "Siku ile ya kuku, ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Aroi."

"Na mwanamke gani?"

"Hakuna mwanamke! Nilikuwa nimevaa suti hii. Nilikaa mlangoni kwa mzee toka asubuhi nimwambie, maneno ikakataa kutoka."

"Kwa nini?"

Lukumani alilaza adungu sakafuni. "Zamani, kabla yako, nilimpeleka mzee kwa nyumba moja. Wakasema hawatoi binti kwa mpiga adungu. Mzee alirudi na mbuzi yake ya posa kwa kamba, mchana, barabara nzima ya kwetu Ayivu wanamuona. Mimi sikuweza kumrudisha na mbuzi tena."

"Kwa hiyo aibu ukanipa mimi," Sitti alisema. "Baba yako asirudi na mbuzi, baba yangu apikie watu hawaji. Hiyo ndiyo mapenzi?"

Hakuna aliyecheka sasa.

"Wewe mtoto!" Mzee Afedra alipaza sauti. "Ile mbuzi nilichinja kesho yake, na wewe ulikula mguu. Nani alikuambia mimi nilikufa na aibu?"

Kicheko kilipasua ukumbi. Hata Ritah alishusha fimbo akageuka pembeni.

"Mzee mwenzangu," Nasuru alisema akiwa amechangamka, "Jumapili ijayo iko aje?"

"Jumapili tunakuja."

"Ngojeni!" Sitti alisema. "Mnapanga, na mimi hakuna ameniuliza." Akamgeukia Lukumani. "Mimi sikasiriki sababu uliogopa. Kila mutu anaogopa. Nakasirika sababu uliogopa ukaniacha peke yangu na watu yangu na sufuria. Ungeniambia, tungeogopa wawili."

"Nisamehe. Nitaku..."

"Usiseme nitakuja! Hiyo neno nimeichoka!"

Lukumani akashuka jukwaani, akapiga magoti mbele ya baba yake, mbele ya jiji zima, fidla zote zikimtazama.

"Baba, huyu ndiye Sitti. Nampenda. Naomba unipeleke Koboko kwa watu yake."

Kwa mwaka mzima Sitti aliyataka maneno hayo tu, yasemwe kwa mtu huyo. Shangazi Zulaika alitoa leso mkobani, akajifuta mwenyewe.

"Simama, utachafua suruali," Mzee Afedra alisema. "Tutaenda."

"Wazee," Ritah aliomba, "sasa tunaweza kumaliza?"

"Endelea, mama," Nasuru alisema akikaa. "Sisi tumeshaongea."

Watu wakapiga makofi na vigelegele hapo hapo katikati ya muziki, na Ritah akawaacha tu.

Jumapili ile, hata chai ilikuwa haijachemka, gari lilipiga honi mbele ya nyumba ya Nasuru. Nasuru alikuwa na singlendi. Sitti alikuwa na ufagio, kanga kuukuu, kichwa wazi.

"Wamefika!" Shangazi aliingia mbio. "Ukoo mzima! Mzee Afedra anasema walitoka Aroi alfajiri, aliogopa kijana atabadilisha akili!"

Sitti alichungulia kwa pazia. Lukumani alikuwa amekaa kwenye mkeka mtupu, hajui aweke wapi mikono, anatazama mlango. Hasira ya mwaka haiishi kwa wiki moja. Ilikuwepo bado, pembeni ya furaha, zimekaa pamoja. Alitupa ufagio, akaoga taratibu. Akajaribu kitenge cha kwanza, akakivua. Akajaribu cha pili.

"Mwanangu, fanya haraka! Wageni wanangoja!"

"Waache, Shangazi," Sitti alisema akianza kukifunga upya. "Na wao wangoje kidogo."