Nani Kagusa Kabureta?

— Usilizime. Liache lingurume hivyo hivyo.

Fundi alimwambia dada aliyeshika usukani, bila kumtazama usoni. Alikuwa ameinama juu ya injini, ncha moja ya mpira mwembamba sikioni, ya pili mdomoni mwa kabureta ya kwanza. Akahamia ya pili, kisha ya tatu. Kila moja ilivuta pumzi kivyake, kama watu watatu waliolala chumba kimoja.

— Bado unatumia sikio, — alisema dada yule kutoka kiti cha dereva.

— Nina kingine?

Miaka minne walikuwa hawajaonana. Gari lilikuwa la marehemu baba yake, na mzee aliusia kwamba ndilo litakalompeleka binti yake harusini. Enzi hizo bwana harusi alikuwa fundi mwenyewe. Bwana harusi wa Jumamosi hii alikuwa mwalimu wa hesabu. Gari lilikaa chini ya turubai tangu walipoachana, na mafundi wengine wakiona kabureta tatu hukumbuka shughuli za nyumbani. Ikabidi aje hapa.

Simu ya dada ikaita.

— Naam, mpenzi... Bado anasikiliza... Hapana, ni fundi wa zamani wa baba.

Fundi wa zamani wa baba. Fundi akaanza kulegeza skrubu za mchanganyiko wa petroli na hewa.

Skrubu hizo ndizo zilizowatenganisha. Alikuwa amezirekebisha vizuri, kila moja na alama ya rangi nyeupe. Wiki moja baadaye akakuta alama mbili zimehama. Mtaa wa pili kulikuwa na fundi mwingine, mtanashati, aliyekuwa akimmezea mate bibie. Hakuhitaji ushahidi zaidi.

— Nani kagusa kabureta? — alimuuliza siku ile.

— Hakuna mtu. Naapa.

Jioni akamtumia ujumbe: "Aliyemruhusu mwingine aguse kazi yangu keshamruhusu mengi. Pete kaa nayo." Simu zake zote hakuzipokea.

Sasa skrubu ya pili ilichomoka kwenye tundu lake, nyepesi mno. Akachungulia tunduni. Akatoa ya tatu, akachungulia tena. Hakukuwa na springi.

Angeweza kunyamaza. Angechukua springi mbili kwenye kopo, azirudishe, na bibi harusi aende zake. Akajichukia kwa wazo hilo.

— Lizime.

— Si umesema nisilizime?

— Lizime, uje uone.

Akaja, mikono kifuani.

— Hapa hukaa springi. Inashika skrubu isijizungushe gari likitikisika. Hizi mbili hazina.

— Maana yake nini?

— Hakuna aliyezigusa. Zilijizungusha zenyewe njiani.

— Na springi alisahau nani?

— Mimi. Nilizitoa nikaziosha. Nilikuwa na haraka, duka la pete lilikuwa linakaribia kufungwa.

Dada aliyatazama yale matundu. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya chini.

— Na ulipoona alama zimehama, hukuzifungua?

— Sikuzifungua. Wivu ulinipofusha. Nimekukosea sana.

— Mimi nilishazoea. Lakini baba alikuwa mgonjwa. Nikamwapia kitandani kwamba sijafanya kitu. Unajua alinijibu nini?

Fundi hakutaka kujua.

— Alisema, "Mwanangu, yule kijana hawezi kukosea kabureta." Miezi miwili baadaye tukamzika. Amekufa anaamini sikio lako, haniamini mimi.

Fundi aliketi juu ya tairi, machozi yakamtoka mbele yake bila aibu.

— Nisamehe.

— Nilishakusamehe zamani, nikidhani umedanganywa na watu. Sasa nimejua hukudanganywa na mtu. Itabidi nianze upya, na sijui kama nitafika.

Akarudi kwenye kiti cha dereva.

— Maliza kazi, fundi.

Fundi akarudisha springi na skrubu, dada akawasha gari. Akageuza skrubu nusu mzunguko, injini ikapanda. Akarudisha robo, ikatulia. Akaenda kabureta hadi kabureta, mara tatu, mara nne, hadi mpira ukamletea sauti ileile kutoka zote. Hakuwahi kulirekebisha gari vizuri namna hiyo. Alitamani hitilafu ya injini idumu kidogo, apate sababu ya kuendelea kuwa karibu naye.

— Litafika? — aliuliza bibie.

— Litafika.

Bibie akatia gia, akaondoka.

Jumamosi saa nne asubuhi, simu ya fundi ililia juu ya meza ya vyuma. Ujumbe ulitoka kwa bibie:

"Gari liko sawa. Nimepitia makaburini kwanza, na gauni langu hivi hivi. Nimemwambia baba nani alisahau springi."

Fundi aliandika, "Umemwambia pia kwamba najuta?" Akaufuta. Akaandika, "Hongera." Hiyo nayo akaitazama muda mrefu, kisha akaituma.