Safari ya Wazazi wa Chiriku

Upepo uliwakuta katikati ya ziwa. Asubuhi maji yalikuwa yametulia kama mafuta kwenye karai. Ghafla wingu jeusi likashuka, na maji yakainuka. Boya la njano walilokuwa wakiogelea kulielekea likakata kamba na kwenda zake. Filimbi za waokoaji zilisikika mara huku, mara kule, kisha zikamezwa na upepo.

Mwokaji mikate alimeza funda la kwanza, akameza la pili. Hakuwa mtu wa maji. Alikuwa mtu wa moto na unga, na kuogelea alijifunza ukubwani, akifundishwa na mkewe kwenye bwawa la shule ambayo mke huyo aliiendeshea basi. Sasa mke alikuwa mbele, kofia yake nyekundu ikionekana na kupotea kati ya mawimbi.

Alitaka kumwita. Akakosa jina.

Zamani alimwita Mama Chiriku. Chiriku ndilo jina la utani walilompa binti yao wa pekee, kwa kuwa alikuwa na maneno kama ndege huyo: aliongea akila, aliongea akioga, hata usingizini aliongea. Homa ya uti wa mgongo ilimchukua kwa usiku mmoja, baba akiwa zamu kwenye tanuri. Baada ya mazishi, jina hilo likawa kaa la moto mdomoni. Wakaanza kuitana "wewe", na baadaye hata "wewe" ikaadimika. Nyumba ikawa kimya mpaka wakawa wanasikia friji ikijizima.

Mazoezi tu ndiyo yaliyowaweka pamoja, maana mtu anayekimbia hadaiwi maneno. Ndipo wakajiandikisha kwenye mashindano haya ya siku moja: kuogelea, kisha baiskeli, kisha mbio ndefu za miguu. Na walikuwa wamekubaliana, bila ugomvi wowote, kwamba yakiisha mke atahamia kwa dada yake katika mji mwingine.

Wimbi likamfunika. Alipoibuka, alipiga kelele kwa pumzi yote iliyombakia.

"Mama Chiriku!"

Kofia nyekundu ikageuka.

Mke alimfikia akihema. "Lala chali! Usipigane na maji. Shika bega langu."

"Nenda zako, utapitwa."

"Nipitwe na nani? Kwani unamwona mtu hapa? Shika!"

Alishika. Mke akapiga maji kwa mkono mmoja, huku mawimbi yakiwapeleka yalikotaka. Hatimaye yakawatupa kwenye mawe ya ufuko usio na mtu. Mwokaji alijaribu kusimama, akaanguka. Jiwe lilikuwa limemchana unyayo kutoka kisiginoni hadi katikati, na damu ikachuruzika mchangani.

Mke alichana mkono wa vazi lake kwa meno, akaukunja, akaukandamiza kwenye jeraha. Kisha akavua ile kofia ya mpira na kuivuta juu ya mguu mpaka ikabana barabara.

"Inauma?"

"Inauma."

"Vizuri. Ingekuwa ganzi ningeogopa." Akatazama ziwa. "Upepo ulikuwa unatupiga kutoka kushoto, kwa hiyo umetusukuma kulia. Tukirudi na ufuko huu tutazikuta baiskeli."

Walitembea juu ya mawe yaliyoteleza, yeye akimwegemea mkewe. Walikuwa hawajagusana hivyo tangu siku ya mazishi. Walipofika, baiskeli zilikuwa zimebaki chache, na msimamizi alikuwa akikimbia huku na huku, uso umemshuka.

"Jamani! Boti bado zinawatafuta!" akasema. Akauona mguu. "Kaka, wewe gari lako lile pale. Panda uende hospitali."

"Muda umefungwa?"

"Bado, lakini..."

"Basi naendelea."

Mke akamkazia macho. "Na mguu huo?"

"Juu ya baiskeli sikanyagi chini."

"Kichwa kigumu kama mkate wa juzi," mke akasema, akapanda yake.

Dhoruba ilikuwa imepita kama mgeni asiyeaga, na jua likatoka likiwa na hasira. Barabara ilikata uwanda mkavu usio na kivuli. Upepo wa moto uliwapiga usoni. Mwokaji kila alipokanyaga pedali, maumivu yalipanda hadi kwenye nyonga. Katikati ya uwanda tairi lake likapasuka. Mke angeweza kwenda. Alishuka, akamshikia gurudumu wakati mume akibadilisha mpira wa ndani.

Walipofika kituo cha maji, hakukuwa na kituo. Meza zilikuwa zimeshaondolewa. Vikombe vya karatasi tu ndivyo vilivyokuwa vikiviringika barabarani.

Mke akatikisa chupa yake sikioni. "Imebaki ya kulowesha ulimi. Kunywa."

Mume akainua chupa, akaishusha, akamrudishia.

"Koo lako halijacheza," mke akasema. "Mimi naendesha basi la watoto, nimeshaona uongo wa kila aina. Kunywa."

Akanywa nusu. Mke akamalizia.

Mbele kidogo walikuta birika la kunyweshea ng'ombe, maji yake ya kijani. Hawakuthubutu kuyanywa. Walichovya vitambaa, wakajikamulia vichwani na vifuani, wakasonga.

Waliposhuka kwenye baiskeli ili waanze mbio, walikuwa wa mwisho kabisa. Wahudumu wa hapo waliwapa maji, wakanywa mpaka matumbo yakawauma. Mguu wa mwokaji ulikuwa umevimba, kiatu kikakataa kuingia. Alikata upande wa kiatu kwa kisu, akauingiza kwa nguvu, akaanza kuchechemea. Alifika kwenye mlima wa kwanza. Hapo goti likakunjika, akakaa chini pembeni mwa barabara kama mzigo ulioshushwa.

"Simama," mke akasema. "Tulikubaliana tumalize pamoja."

"Tulikubaliana mengi."

Mke akajifuta uso kwa mkono. Jasho na machozi vilikuwa kitu kimoja usoni mwake.

"Mama Chiriku, nenda. Mmoja wetu afike. Gari la wagonjwa linakuja nyuma, nimeliona."

Mke akaweka mikono kiunoni, akamtazama. Kisha akageuka, akakimbia. Hakuangalia nyuma, kwa sababu angeangalia asingekwenda. Alipokata kona, peke yake kati ya mawe na miiba, alianza kulia kwa sauti huku akikimbia, akimwita mwanawe kwa jina lake la kweli. Hakuna aliyemsikia. Aliita mpaka sauti ikamkauka, na miguu ikaendelea.

Alifika jua likizama. Mafundi walikuwa wanakunja nyaya za spika, na lango la mpira la kumalizia mbio lilikuwa limeshatolewa upepo, limelala chini kama shuka. Alilivuka. Fundi mmoja akaweka nyaya chini, akapiga makofi.

Mwokaji alikuwa kwenye kiti cha plastiki, mguu umeshonwa na kufungwa bendeji. Mke alikuja akajitupa ardhini kando yake.

"Kuna kitu sijawahi kukuuliza," mume akasema. "Usiku ule. Alisema nini?"

Mke alivuta majani makavu, akayakata vipande vidogovidogo.

"Alisema nikwambie, ukirudi usibamize mlango. Kichwa kinamuuma."

Mwokaji alilia. Kilikuwa kilio cha msibani, kile ambacho hakukitoa siku ya msiba kwa sababu alikuwa anapokea watu na kupanga viti. Mke alimshika goti, naye akalia.

"Na kingine?" mume akauliza baadaye, akijifuta kwa bega.

"Alitaka nimwimbie. Nikakosea maneno, akanisahihisha."

"Na homa yote ile?"

"Na homa yote ile."

Wakacheka, wakalia tena.

Kesho yake mume alimsindikiza mkewe stendi. Hakumwomba abaki, maana wote wawili walijua kwamba ndani ya nyumba ile hawawezi kupumua. Mke alifungua dirisha la basi.

"Utanipigia?"

"Nitapiga."

"Piga jioni. Usiniulize nimekula nini wala hali ya hewa."

Basi likaondoka. Mwokaji akachechemea hadi kazini, akakanda unga akisimamia mguu mmoja, akachoma trei mbili za mikate bila kukusudia. Jioni akakaa mezani, akapiga. Simu haikuita mara mbili.

"Haya," mke akasema, sauti bado imekauka. "Anza wewe. Unakumbuka alivyokuwa anaogopa kuku?"

Mwokaji akafumba macho, akaanza.